Kijerumani ukubwani: Mwalimu anajibu barua zenu

Katika toleo lililopita nilisimulia jinsi nilivyoanza Kijerumani nikiwa na miaka 43, jikoni, katika nyumba ya wazee mjini Bremen, na jinsi lugha hiyo inavyonilisha leo hapa Tanga, ninapofundisha barazani kwangu wanafunzi wa A1, ngazi ya kwanza ya lugha (juu yake zipo A2, B1, B2 na kuendelea). Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechukua tano. Majina nimeyaficha.

*Mwalimu, assalam aleikum. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa, nina miaka 38 na watoto wawili. Nimeanza kozi ya Kijerumani, sasa ni mwezi wa tatu, nataka nifike B2 nikafanye kazi Ujerumani. Darasani niko na vijana wa miaka 19 na 20. Wao wakariri maneno hamsini usiku mmoja. Mimi nikiamka asubuhi nimesahau thelathini. Mwalimu wetu afundisha kwa Kiingereza, na vitabu ni vya Kiingereza. Naanza kuona kichwa changu kimezeeka. Niambie kweli, niendelee ama niwache?*

Waaleikum salaam, dada yangu. Endelea. Sisemi hivyo kukutia moyo tu. Barua yako inaonyesha kinachokukwamisha, na si umri.

Hilo la kichwa kuzeeka tulimalize kwanza. Mwaka 1978 watafiti wawili, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wenye lugha ya Kiingereza waliohamia Uholanzi na kuanza kujifunza Kiholanzi. Walikuwepo watoto wadogo wa miaka mitatu hadi mitano, vijana, na watu wazima. Katika miezi ya mwanzo waliokwenda mbio ni vijana na watu wazima. Wale wadogo kabisa ndio waliokuwa nyuma. Mtoto hutupita baadaye, hasa kwenye matamshi, kwa sababu husemeshwa kutwa nzima kwa miaka na hakuna anayemcheka akikosea. Wewe unatoka zamu ya usiku, unapika, unasimamia kazi za shule za watoto, ndipo unafungua daftari saa nne usiku. Usijipime na kijana anayepikiwa na mama yake.

Sasa tuje kwenye kinachokukwamisha. Umesema mnafundishwa kwa Kiingereza. Maana yake kila neno la Kijerumani linapita nyumba ya jirani kabla ya kuingia kwako, na huko kwa jirani mara nyingi linabadilishwa nguo. Wanafunzi wangu huandika *Ich bin Hunger*, mimi ni njaa, kwa kuwa Kiingereza kimewazoesha kwamba njaa ni kitu mtu anachokuwa. Mswahili *ana* njaa. Mjerumani naye ana njaa: *Ich habe Hunger*. Nina kiu, *Ich habe Durst*. Nina hofu, *Ich habe Angst*. Unaitwaje? *Wie heißt du?* Kitenzi *heißen* ni kuitwa, kwisha. Wala hulihitaji neno "jina". Gauni linanipendeza, *Das Kleid gefällt mir*: gauni ndilo linalotenda, mimi ndiye ninayetendewa, sawasawa na kwetu. Kwako muuguzi hii ni hazina, maana mgonjwa wa Hamburg hulalamika kama mgonjwa wa Likoni. *Mir tut der Kopf weh*, kichwa kinaniuma. *Mir tut das Knie weh*, goti linaniuma. Ukipitia Kiingereza, sentensi hizi zitakuchukua wiki mbili na kukuumiza kichwa. Ukitoka Kiswahili moja kwa moja zitakuchukua jioni moja.

Kwa hiyo nunua daftari jipya. Kushoto Kijerumani, kulia Kiswahili peke yake. Zipo sehemu ambapo lugha hizi mbili zinaachana, na hapo weka alama nyekundu. Sisi tuna miaka. Wao husema *Ich bin 38 Jahre alt*, wanakuwa wa miaka hiyo. Alama nyekundu zitakuwa nyingi kadiri unavyopanda ngazi, lakini utazijua moja moja, kwa macho yako, badala ya kubeba makosa ya lugha ya tatu.

Kuhusu maneno hamsini: acha. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanya mwenyewe kuwa mtu wa majaribio, akawa anakariri silabi zisizo na maana na kupima anachosahau. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Aliona kwamba kilichokaririwa huvuja kwa wingi katika saa na siku za mwanzo, kisha uvujaji hupungua. Na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko marudio mengi ya mkupuo mmoja. Hayo maneno thelathini uliyoyasahau asubuhi ni mambo ya kawaida kabisa. Waulize wale vijana siku ya Ijumaa maneno ya Jumatatu, uone.

Chukua kumi au kumi na mawili kwa siku, na uyarudie kwa mpango. Mimi nilitumia boksi la viatu nililoligawa vyumba vitatu kwa vipande vya kadibodi. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na hutazamwa kila siku. Ukiipata, inahamia cha pili, inatazamwa mara mbili kwa wiki. Ukiipata tena, inakwenda cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukiikosa popote, inarudi mwanzo bila huruma. Njia hii ilienezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner mwaka 1972, naye alikuwa na vyumba vitano. Boksi langu lilikuwa la viatu vya mtoto, havikuenea. Kwenye kadi andika sentensi, usiandike neno pweke. Na isome kwa sauti. Kadi iliyosomwa kimyakimya inafundisha macho, na hospitalini hutatibu kwa macho.

Jambo moja zaidi, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Kila siku baada ya zamu, kabla hujavua sare, simama dakika tano useme habari za mgonjwa mmoja uliyemhudumia, bila kumtaja jina, kwa Kijerumani ulichonacho. Mwanamke, miaka 60, ana maumivu ya goti, presha imepanda, amelala vizuri: *Sie ist 60 Jahre alt. Sie hat Schmerzen im Knie. Der Blutdruck ist hoch. Sie hat gut geschlafen.* Makabidhiano ya zamu wao huyaita *Übergabe*, na utayafanya kila siku ya maisha yako ya kazi kule. Wale vijana wa miaka 19 hawajawahi kukabidhi wodi hata siku moja. Wewe unajua tayari kinachosemwa, kwa mpangilio gani, na kipi hakisahauliki. Umebakiwa na maneno tu.

Nawe usikubali kuharakishwa na wakala anayekuahidi B2 kwa miezi mitatu. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini Kijerumani, hukadiria vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45 kutoka sifuri hadi B2. Vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 30 hadi 40, tena kwa mtu asiyefanya kazi nyingine. Piga hesabu yako na watoto na zamu, uweke tarehe ya kweli, kisha uwaambie nyumbani.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Marangu. Wageni wengi ninaowapandisha mlimani ni Wajerumani na Waaustria, nami nimejifunza mwenyewe kwa miaka miwili. Kinachonishinda ni der, die, das. Kwa nini kijiko ni mwanamume, uma mwanamke, na kisu si chochote? Kuna kanuni?*

Marahaba, mwanangu. *Der Löffel, die Gabel, das Messer.* Nilikuwa naviosha kila siku, mamia, nikivitaja kimoja kimoja, na nilikuwa na swali kama lako. Siku moja nikajiuliza la kwetu: kwa nini mti ni *umeanguka* na gari ni *limeanguka*? Kwa nini mkono na mkate vinakwenda pamoja? Hakuna Mswahili anayekesha akiliwaza hilo. Tangu utotoni tumechukua neno pamoja na ngeli yake: kiti kizuri, viti vizuri. Neno limeingia likiwa limeshikana mkono na kiambishi chake.

Hizo tatu zao ni ngeli. Wakaziita "ya kiume", "ya kike" na "isiyo ya hapa wala pale", na majina hayo ndiyo yanayowapotosha wanafunzi, wakaanza kutafuta uanaume ndani ya kijiko. Haumo. Wewe uliyekulia na ngeli za Kiswahili unashindwaje na tatu? Tatizo ni kwamba umejifunza *Löffel* bila *der*, kama mgeni anayejifunza "ti" halafu anauliza kiambishi chake ni kipi.

Tazama hili uone jinsi tulivyo karibu. Watu hushangaa kwamba msichana, *das Mädchen*, yumo katika ngeli isiyo ya kike. Lakini *-chen* ni kiambishi cha kudogosha, na kudogosha huhamisha ngeli. Kwetu mtoto *amelala*, ila ukimdogosha, kitoto *kimelala*. Mtu yule yule, ngeli nyingine. Basi kila neno lililodogoshwa kwa *-chen* ni *das*, bila ubishi. Yanayoishia kwa viambishi *-ung*, *-heit*, *-keit* na *-schaft* ni *die*. Mtenda kazi wa *-er*, kama *Lehrer*, ni *der*. Mengi yanayoishia kwa *-e* ni *die*, ingawa yapo yanayokiuka: *der Name, das Auge, der Käse*. Na maneno yaliyounganishwa hufuata la mwisho: *der Regen*, mvua, na *die Jacke*, koti, huzaa *die Regenjacke*.

Maneno ya kazi yako hayazidi mia mbili. Yakariri na ngeli zake ukiwa njiani, hatua moja neno moja: *der Berg, der Gipfel, der Weg, der Rucksack, der Schlafsack, die Hütte, die Höhe, das Zelt, das Wasser.* Hata mlima wenu wanauita *der Kilimandscharo*.

Lakini nikwambie lipi linapaswa kukutia wasiwasi kuliko *der, die, das*. Ukikosea ngeli, mgeni anakuelewa na pengine anatabasamu. Kijerumani kina vitenzi vinavyokatika vipande viwili, na kipande cha pili hutupwa mwisho wa sentensi. *Wir steigen jetzt auf*: sasa tunapanda. *Wir steigen jetzt ab*: sasa tunashuka. Silabi moja ya mwisho ndiyo inayotenganisha kupanda na kushuka, na uko mita elfu nne na kitu, upepo unapiga, mgeni kajifunika masikio. Hiyo *ab* iseme kwa nguvu, na kidole kielekee chini. Kabla ya hapo uwe umeshauliza *Haben Sie Kopfschmerzen?* na *Ist Ihnen übel?*, kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu. Sentensi hizi ziwe mdomoni mwako kama jina lako. Hazina ngeli yoyote ya kukusumbua.

*Mwalimu shikamoo. Naishi Mbagala. Mume wangu yuko Hannover na mimi natakiwa nipate cheti cha A1 ndipo niombe viza. Mtihani ni baada ya wiki sita. Kuandika najitahidi, lakini wakisema namba au saa naduwaa. Na zile herufi zenye vidoti siziwezi kabisa. Nisaidie.*

Marahaba, mwanangu. Wiki sita zinatosha ukiacha kusoma kila kitu na kushika yale yatakayoulizwa. Kwenye kuzungumza utaanza kwa kujitambulisha: jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, unachopenda. Kisha watakuomba utaje jina lako herufi kwa herufi, na namba kama ya simu. Hapo wengi huangukia Kiingereza. Usifanye hivyo! *A, E, I, O, U* za Kijerumani ni zetu zile zile, zimetamkwa kama ulivyofundishwa darasa la kwanza. Za kukariri upya si nyingi: *J* ni "yot", *V* ni "fau", *W* ni "ve", *Z* ni "tset", *Y* ni "ipsilon" ila hiyo ya kwanza ina midomo iliyokunjwa. Taja jina lako na la mumeo herufi kwa herufi kila unapopanda daladala.

Namba wao huanza na mamoja: 45 ni *fünfundvierzig*, tano na arobaini. Kama ulikaa chuoni na kuhesabu kwa Kiarabu umeshakutana nalo, *khamsa wa arbaini*. Zoezi: andika namba za basi, bei za sokoni, kurasa za kitabu, uzitaje papo hapo. Usipoipata, *Noch einmal, bitte* si aibu.

Saa ni mtego, nami niliuingia asubuhi moja. Wiki yangu ya kwanza kazini msimamizi aliniambia *halb sieben*. Nikasikia nusu, nikasikia saba, nikafika saa moja na nusu. Alikuwa amesema saa kumi na mbili na nusu. *Halb sieben* ni nusu ya kuielekea saba, saba yenyewe bado. Wazee walikuwa wamekaa mezani muda mrefu wakisubiri chai, na yule mpishi mwenzangu alikuwa amebeba peke yake kazi ya watu wawili. Sikusahau tena. Dawa yangu ilikuwa hii: saa ya ukutani kwangu niliisoma kwa Kijerumani tu, bila kuipeleka kwenye saa za Kiswahili hata kidogo, na nikiambiwa *halb* chochote nilirudia kwa namba kamili: *Also sechs Uhr dreißig?* Msemaji husema ndiyo au hapana, ukalala kwa amani.

Vidoti sasa. Sema *i* ya "siri", uivute. Ulimi usisogee. Kunja midomo kama unayepuliza moto jikoni. Hiyo ndiyo *ü*, ya *Tür*, mlango. Fanya vivyo hivyo na *e*, unapata *ö*, ya *schön*. Kwenye kioo, dakika mbili asubuhi na jioni, wiki mbili tu.

Urefu wa irabu nao unabeba maana. Sisi tunajua kwamba kufa si kufaa. Kwao *Miete*, kwa *i* ndefu, ni kodi ya nyumba, na *Mitte*, kwa *i* fupi, ni katikati. Sauti ya *ch* katika *Nacht* ni *kh* ya akhera, na *r* yao inakaribia *gh* ya ghali kama inavyosemwa na watu wa pwani. Mkazo ndio unaotusaliti: sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao mara nyingi huuweka mwanzo, *ÁRbeiten*. Ukiuweka katikati, msikilizaji hulipoteza neno zima. Na ukiona woga, kumbuka unalo neno moja la Kijerumani tangu utotoni: shule, *Schule*. Hela pia ni ya kwao, kutoka *Heller*, sarafu ndogo ya enzi ile ya utawala wao.

*Mwalimu, mimi niko Dodoma, niko bize na kazi ya ofisi. Je, programu ya simu peke yake inatosha?*

Haitoshi. Programu itakupa maneno na tabia ya kurudi kila siku, na hilo ni jema, ila haikulazimishi kutunga sentensi yako mwenyewe mbele ya mtu anayesubiri. Fanya hivi: sikiliza taarifa ya habari ya Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle kama ulivyozoea, kisha siku hiyo hiyo fungua habari zao za Kijerumani zinazosomwa polepole, nazo hutolewa kwa ajili ya wanafunzi. Habari unaijua tayari, kwa hiyo sikio halihangaiki na maana, linashughulika na maneno. Mwanzoni utadaka majina ya nchi tu. Vumilia mwezi. Na Jumamosi tafuta mtu wa kuzungumza naye, hata kama naye ni wa A1.

*Mwalimu hujambo? Nina miaka 31, niko Leipzig mwaka mmoja na nusu, nafanya kazi kwenye bohari. B1 nimeshapata cheti. Lakini wenzangu wakiongea napotea katikati, na nikifungua mdomo wananijibu kwa Kiingereza. Siku hizi nimeanza kunyamaza tu. Nyumbani naongea Kiswahili kwenye simu na siku inaisha.*

Sijambo, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana huko kunyamaza nakujua. Kunaanza kama mapumziko na kunakuwa makazi.

Nikwambie unapotea wapi. Kiswahili humweka msikilizaji wazi mapema. Ninaposema "sitaki", silabi ya kwanza imeshakwambia kwamba nakataa. Sikio lako limelelewa hivyo; likishasikia mwanzo linaamua. Mjerumani huweza kuliweka hilo kataa mwisho kabisa. Palikuwa na bibi mmoja pale Bremen niliyemhudumia chakula cha mchana, na madaktari walikuwa wamempunguzia chumvi kwa sababu ya figo. Akaniambia, *Das Salz brauche ich heute nicht.* Nilisikia chumvi, nikasikia nahitaji, mkono ukaenda. *Nicht* iliponifikia chumvi ilikuwa imeshaingia kwenye supu. Bibi alinishika kiganja, akairudia sentensi polepole, akaikazia ile *nicht*, kisha akasema neno moja: *Warten.* Subiri. Nikambadilishia sahani. Tangu siku ile nilijizoeza kutomjibu mtu wala kutikisa kichwa mpaka afunge mdomo. Kwa wiki ya kwanza utajiona mzito. Wiki ya tatu utashangaa ni mambo mangapi ulikuwa unayakosa, kwa sababu ulishaacha kusikiliza ulipodhani umeelewa.

Halafu uko Saxony. Watu wa huko hulainisha konsonanti, *p* yasikika kama *b*, *t* kama *d*, na kozi yako ya B1 haikukuandaa kwa hilo. Mengi unayodhani huyajui unayajua, yamevaa sauti nyingine. Mwombe mwenzako mmoja tu wa zamu, yule mpole, akutamkie maneno kumi ya bohari kwa lafudhi ya kwao, uyarekodi kwenye simu, uyasikilize ukiwa kwenye tramu.

Kuhusu kujibiwa kwa Kiingereza, wengi wao wanadhani wanakurahisishia. Waambie. *Ich lerne Deutsch. Bitte sprechen Sie Deutsch mit mir, auch wenn ich langsam bin.* Najifunza Kijerumani, tafadhali zungumza nami Kijerumani hata nikiwa mzito. Kwa wenzako wa bohari mnaoitana *du*, yaani wewe ya watu waliozoeana, badilisha: *Sprich bitte Deutsch mit mir.* Usichanganye hayo mawili. Kijerumani hakina shikamoo. Heshima yote imewekwa ndani ya hiyo *Sie*, na mtu mzima usiyemjua mpe hiyo mpaka mwenyewe akuambie vinginevyo. Mimi niliwapa *Sie* wazee wangu wote kwa miaka kumi na moja. Wawili tu ndio waliosema niwaite *du*, na siku hizo mbili nazikumbuka.

Usianzie kazini, penye haraka na kelele. Anzia duka la mikate karibu na unapoishi, asubuhi ile ile, muuzaji yule yule. Siku ya kwanza *Zwei Brötchen, bitte.* Siku ya pili ongeza neno la hali ya hewa, wao hulipenda sana. Wiki ya pili muulize kitu ambacho jibu lake hulijui, mkate upi una ulezi, au kama wanao wenye ufuta. Akikujibu kwa Kiingereza, mwambie sentensi niliyokupa, kisha nyamaza usubiri. Ukifika wiki ya tatu niandikie, uniambie alikujibu nini.